Enyi wenye senema, haya mmeyapata wapi?

Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, mwanangu kitindamimba alirudi kutoka madrasa akapita ukumbini kama upepo. Hakutoa salamu wala hakuuliza kuna nini jikoni. Mtoto huyu ana miaka 13, na siku ambayo haulizi kuna nini jikoni, basi jua pana jambo. Nikamwandama chumbani nikamkuta kajifunika shuka gubigubi, na jua lingali juu.

Kisa chenyewe ni hiki. Ustadhi wao alikuwa akiwasomesha historia ya dola ya Uthmaniya. Mwanangu akanyanyua mkono, akasimama, akaeleza kwa ufasaha jinsi Sheikh Ibn Arabi alivyokuwa akimwongoza Ertuğrul, babake Uthman, na jinsi alivyomtokea kila alipofikwa na dhiki. Ustadhi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole, "Ahsanta. Haya umeyapata katika kitabu gani?" Maskini ya Mungu akasema kweli: "Kwenye runinga, ustadhi." Darasa zima likaangua kicheko.

Kwanza nilitaka kuwakasirikia waliocheka. Kisha nikataka kumkasirikia ustadhi. Mwisho nikaona kuwa wa kukasirikiwa ni mimi, kwani mchezo ule tuliutazama pamoja, baba na mwana, usiku baada ya usiku, tukitafuna njugu. Mimi nilijua lipi la kweli na lipi la kutungwa, na sikusema neno, kwa kuwa nilikuwa nastarehe.

Mpenzi msomaji, ndiyo sababu leo nimeshika kalamu nizungumze juu ya michezo hii inayotuingilia majumbani, ile ya zama zilizopita na ile ya zama zijazo.

Mchezo wenyewe, "Diriliş: Ertuğrul", ulitengenezwa Uturuki ukaonyeshwa na shirika la TRT kuanzia mwaka 2014 hadi 2019. Hapa kwetu pwani umeingia nyumba nyingi, na sababu yake yaeleweka. Kwa miaka mingi Mwislamu katika senema za wenzetu alikuwa ni mtu wa kushika bunduki au wa kuchekwa. Hapa akaonekana anaswali, anamheshimu mamake, anapiga bismillahi kabla ya kula. Nani asiyefurahi?

Lakini tukitaka kusema kweli, yajulikanayo kwa yakini juu ya Ertuğrul ni machache mno. Iko sarafu ya Uthman inayomtaja kuwa ni babake. Vitabu vya Kiuthmaniya vilivyotufikia viliandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake. Ama Ibn Arabi, yeye ni mtu aliyekuwepo hasa, mzaliwa wa Murcia huko Andalusi mwaka 1165, akafariki Damascus mwaka 1240. Lakini kwamba alikutana na Ertuğrul, hilo halina riwaya ya kutegemewa. Ni la watungaji wa mchezo.

WEWE ULIKUWEPO?

Yuko mwongozaji mmoja wa Kiingereza, jina lake Ridley Scott, ambaye ni fundi mkubwa wa senema za kale, na haki yake lazima apewe. Mwaka 2023 alitoa senema ya Napoleon. Ndani yake Napoleon yuko Paris akitazama malkia Marie Antoinette akikatwa kichwa, hali siku ile ya Oktoba 1793 yeye alikuwa kusini mwa Ufaransa, pamoja na jeshi lililouzingira mji wa Toulon. Tena tunaonyeshwa mizinga yake ikipiga piramidi za Misri. Vita vyenyewe, vya Julai 1798, vilipiganwa Embabeh, mkabala na Kairo, mwendo wa kilomita kama 15 kutoka zilipo piramidi.

Wanahistoria walipolalamika, bwana huyu aliwajibu kwa ukali, akawauliza kama wao walikuwepo.

Niliposoma jibu hilo nilicheka, kisha nikanyamaza. Sisi tuliosomea chuoni, tukakaa juu ya jamvi na ubao mapajani, swali hilo tulikwisha kujibiwa zamani. Hakuna aliyekuwepo. Ndiyo sababu wanavyuoni wa hadithi wakaiweka elimu nzima kwa ajili ya sisi tusiokuwepo: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka ufike kwa aliyeona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alizunguka miji na miji akiwapima watu kabla ya kuyapima maneno yao. Na baada ya isnadi wakatazama matini: je, maneno yenyewe yanasimama, au yanapingana na yaliyothibiti?

Basi "ulikuwepo?" si jibu la mwenye hoja. La kuulizwa ni lile la ustadhi wa mwanangu: umeyapata wapi?

Na mimi naona mizani hiyo ya wazee yatufaa hata mbele ya runinga. Mchezo wa zama zilizopita una deni la isnadi. Mchezo wa zama zijazo hauwezi kuwa na isnadi, maana mambo hayajatokea, lakini una deni la matini: yasemwayo yasimame kwa miguu yake.

DARAJA BILA DARAJA

Chukua senema ya "Braveheart" ya mwaka 1995, iliyopata tuzo tano za Oscar. Inamsimulia William Wallace wa Uskoti, aliyepigana na Waingereza. Humo mna vita vya Daraja la Stirling, na katika vita hivyo vya daraja, daraja halimo! Ni kama mtu kusimulia kisa cha Nuhu akaisahau safina.

Hili si dogo, maana daraja ndiyo siri ya ushindi wenyewe. Tarehe 11 Septemba 1297 jeshi la Waingereza, lililokuwa na nguvu zaidi, lilikuwa halina budi kuvuka daraja jembamba la mbao lisilopitisha zaidi ya wapanda farasi wawili kwa pamoja. Wallace na mwenziwe Andrew Moray wakangoja kwa subira. Walipoona wamekwisha vuka kiasi wanachoweza kukimudu, wakateremka, wakakata njia, na waliobaki ng'ambo wakawa watazamaji wa msiba wa wenzao. Mnyonge alimshinda mwenye nguvu kwa kutumia kichwa. Senemani wanakimbiliana uwanjani huku wamejipaka rangi nyusoni. Wamemnyang'anya Wallace akili yake wakampa rangi ya uso.

Kisha wakamtafutia mpenzi, naye ni Isabella, binti wa mfalme wa Ufaransa, na mwisho wake tunapewa kuelewa kuwa amechukua mimba ya Wallace. Wallace aliuawa London Agosti 1305. Wakati huo Isabella alikuwa mtoto wa miaka kama 10, yuko kwao Ufaransa, wala hajaolewa. Mwanawe, aliyekuja kuwa mfalme Edward wa Tatu, alizaliwa Novemba 1312. Mimba ya miaka saba! Wakunga wetu wameona mengi, lakini hilo hawajaliona.

Sisemi kuwa haiwezekani kufanya vyema. Nilikuwa kijana nilipoiona "Lion of the Desert" ya mwaka 1981, kwa kaseti ya video, tumejazana kwa jirani hata wengine wamekaa dirishani. Ni kisa cha Omar Mukhtar wa Libya, mwalimu wa Kurani aliyepigana na Wataliani mpaka uzeeni. Mwongozaji alikuwa Moustapha Akkad, mzaliwa wa Syria, na fedha zilitoka kwa serikali ya Libya ya wakati ule wa Gaddafi, na mwenye fedha ana njia zake za kupendelewa. Hata hivyo Akkad alitia ndani picha halisi zilizopigwa zama zenyewe za vita. Kambi zile za mateso zilikuwepo. Mzee yule alinyongwa kweli, tarehe 16 Septemba 1931, mbele ya watu wake. Italia ilikaa na senema hiyo bila ya kuiruhusu hata mwaka 2009 ndipo ikaonyeshwa kwenye runinga yao. Mtu haogopi uwongo kiasi hicho.

UWONGO WA KUTUSIFU

Sasa nitasema jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wasilipende. Ridley Scott huyo huyo mwaka 2005 alitoa "Kingdom of Heaven", juu ya kufunguliwa kwa Baytul Muqaddas na Salahuddin. Salahuddin aliigizwa na Ghassan Massoud, Msyria, kwa haiba na utulivu mkubwa. Sisi huku tulipiga makofi. Yule bwana wa Kikristo, Balian, walimfanya mhunzi kutoka kijiji cha Ufaransa, na hali alikuwa ni mtoto wa ukoo wa mabwana wa huko huko Sham, tena mume wa malkia mjane. Hilo tulilipuuza. Na katika senema, mji ulipotolewa, Salahuddin anawaacha watu wote waende zao salama.

Mji ulifunguliwa siku ya Ijumaa, 27 Rajab 583, yaani 2 Oktoba 1187. Huruma ya Salahuddin ilikuwa kubwa mno ukiilinganisha na mauaji waliyoyafanya watu wa msalaba walipouteka mji huo mwaka 1099, na hilo hata maadui zake wamelikiri. Lakini palikuwa na fidia: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, na chini ya hapo kwa mtoto. Masikini wengi waliachwa huru bila ya malipo, na nduguye al-Adil aliomba apewe watu 1,000 akawaacha huru. Walakini maelfu waliokosa fidia walitiwa utumwani. Haya hayakuandikwa na maadui tu. Katibu wa Salahuddin mwenyewe, Imad al-Din, ameyaandika.

Je, Salahuddin anapungukiwa na nini tukiyasema? Hapungukiwi na kitu. Alikuwa mtu wa zama zake, akawashinda watu wa zama zake kwa utu. Uwongo unaotusifu ni mtamu, lakini ni uwongo vile vile, na siku atakapotokea mtu mwenye kitabu mkononi tutaaibika kama alivyoaibika mwanangu.

HAWA WANAKULA NINI?

Tukija kwa michezo ya zama zijazo, mhakiki wangu mkubwa ni mama yangu mzazi, Mola ampe umri, mwenye miaka 80 na ushei. Hakuingia skuli, lakini amepika tangu utotoni mwake. Michezo hii aghalabu ni ya namna moja: dunia imekwisha au imeshikwa na madhalimu, na vijana wachache wazuri wa sura, nywele zimechanwa, wanapambana kuiokoa. Mama hutazama kidogo, kisha huuliza, "Na hawa wanakula nini?" Hapo, ndugu msomaji, senema nzima huanguka kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua.

Iko senema ya mwaka 1995 iitwayo "Waterworld", ambayo ilipotoka ndiyo iliyokuwa imegharimu fedha nyingi kuliko zote zilizoitangulia. Barafu ya ncha za dunia imeyeyuka, bahari imeifunika ardhi, na watu wanaishi juu ya maji wakigombea udongo kama sisi tunavyogombea dhahabu. Nilimwonyesha rafiki yangu, nahodha mstaafu wa jahazi. Akanyamaza mpaka nusu, kisha akasema, "Sheikh, hawa wanalia kiu. Bahari yote ile, jua lote lile, mvua imekwenda wapi?" Sisi wa pwani tunajua masika yanatoka wapi, huja na kusi kutoka huko huko baharini. Baadaye wakatokea maharamia, kila mmoja na sigara mdomoni. Nahodha akauliza tena, "Na hiyo tumbaku wanailima wapi?" Akaaga, akaenda zake kuswali.

Wataalamu wamehesabu kuwa barafu yote ya dunia ikiyeyuka, bahari itapanda kwa kiasi cha mita 70. Hayo ni maangamizi makubwa. Mji wa Kale wa Mombasa utazama, na Lamu, na Malindi. Lakini Voi iliyo zaidi ya mita 500 juu ya bahari itabaki kavu, na wa Nairobi wataendelea kunywa chai yao. Na hapa ndipo linaponiuma. Jambo lenyewe ni la kweli, bahari inapanda, na sisi tuliojenga ufukoni ndio wa kwanza kuguswa. Lakini mtu akiisha kuonyeshwa ajabu isiyosimama, huicheka. Kesho akija kuelezwa la kweli atalicheka vile vile.

Ipo nyingine ya mwaka 2014, "Divergent", ambamo watu wa mji wa Chicago wamegawanywa makundi matano: wakarimu, wapole, wasema kweli, mashujaa na wenye elimu. Kila mtu na sifa yake moja, na anayekutwa na zaidi ya moja huhesabiwa kuwa ni hatari. Wallahi nilipoelezwa hayo nilijitazama mwenyewe. Mimi alfajiri huwa mkarimu, saa nne nimekwisha kuwa mwoga, na kabla ya adhuhuri nimemdanganya mwenye duka kuwa deni lake nitalilipa Ijumaa. Watungaji hawa wamekaa na watu gani?

Si kwamba dunia isiyokuwepo haiwezi kutungwa ikasimama. Margaret Atwood wa Kanada aliandika "The Handmaid's Tale" mwaka 1985, ikafanywa mchezo wa runinga kuanzia mwaka 2017. Yamo mengi ambayo si ya kutazamwa na watoto. Lakini bibi huyu alijiwekea sharti: asitie jambo lolote ambalo wanadamu hawajapata kulifanya mahali fulani katika historia yao. Nchi yake haipo katika ramani, lakini kila jiwe la ukuta wake lilichukuliwa mahali. Kwa hivyo anatisha, na ukimaliza huwezi kucheka.

NA TAMBUKA JE?

Nilimweleza mwanangu yote haya jioni ile, nimekaa kitako kitandani kwake, nikidhani nampoza. Nikamwambia nitaifunga runinga, tubaki na vitabu vyetu. Akafunua shuka, akanitazama, akasema, "Na Tambuka je, baba?"

Sikuwa na jibu. Utenzi wa Tambuka aliutunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, nao ni katika fahari za lugha yetu. Mna vita vikubwa baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi, panga zinamemetuka na vichwa vinaanguka. Na katika historia, Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoka na jeshi kwenda Tabuk mwaka wa tisa wa Hijra, sawa na 630, asilikute jeshi la Warumi, akarejea bila ya vita nao. Mtoto kanishika kwa kamba yangu mwenyewe.

Nilikwenda kuswali magharibi na swali lile kifuani, na nilipokuwa narudi ndipo nikapata la kusema. Watunzi wetu wana ada yao. Huanza kwa jina la Mola, husema kisa wamekipokea kwa waliotangulia, na mwisho hutaja majina yao na kuomba radhi kwa palipo na kosa, wakamtaka mjuzi atengeneze. Na waliokuwa wakisikiliza walijua kuwa hicho ni kisa cha utenzi, na aghalabu hapakukosa mwanachuoni wa kuulizwa. Basi kutunga si kosa, sisi sote tunatunga. Kosa ni kukificha ulichokitia, ukampa mtu unga uliochanganywa ukamwambia ni wa ngano tupu.

Na hapo ikanijia aibu yangu mwenyewe, ambayo sijapata kuisema gazetini. Miaka mingi nyuma nilitunga utenzi juu ya kuzingirwa kwa Ngome ya Mombasa baina ya mwaka 1696 na 1698, Waomani walipowatoa Wareno. Ndani yake nikamtia mwanamke mmoja anayepenyeza maji usiku. Hakuna kitabu kinachomtaja. Nilimtunga mimi, kwa sababu beti zilikuwa zimejaa mizinga na hapakuwa na mtu wa kumpenda. Watu wamempenda. Mara mbili nimeulizwa kaburi lake liko wapi, na mara zote mbili nikacheka nikageuza mazungumzo.

Basi kwa wasomaji wangu walioupata utenzi ule, nasema leo: mwanamke yule hakuwepo. Vita vilikuwepo, miaka ndiyo hiyo, kiu ilikuwepo. Yeye ni wangu. Nikijaliwa kuuchapisha tena nitaongeza beti mbili za kusema hivyo.

Runinga sikuifunga. Mwanangu amenunua daftari, akalipiga mstari katikati. Upande mmoja anaandika yaliyothibiti, upande wa pili yaliyotiwa, na asipojua anamwuliza ustadhi au mimi, nami nisipojua tunafungua kitabu. Wiki jana tulitazama mchezo mmoja wa watu wanaokimbizana jangwani kwa magari katika dunia iliyokwisha mafuta. Bibi yake akaingia, akatazama, akafungua kinywa. Mtoto akamwahi, "Najua, bibi. Nimekwisha andika."